Roboti na skafoidi: programu inasema mm 0.6, waya unatokea mm 2 pembeni. Kosa liko wapi?

mpini_mwembamba

Wakuu, naomba mchango wa wanaoijua kazi hii kwa karibu.

Tunazungumzia mvunjiko wa skafoidi (mfupa mdogo wa kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba) kiunoni, yaani katikati yake, ambao haujasogea au umesogea chini ya mm 1. Unafungwa kwa skrubu moja isiyo na kichwa kupitia tundu dogo la ngozi, upande wa kiganja. Mfumo ni mkono mmoja wa roboti wenye viungo sita, kamera ya infraredi, C-arm (mashine ya eksirei) inayozunguka na kutoa picha za pande tatu, pamoja na programu ya kupangia njia. Kwa wasioujua: roboti hii haikati wala haitoboi. Inashikilia bomba elekezi kwenye mstari uliopangwa, na anayesukuma waya, ambao skrubu yenye tundu itapita juu yake, ni daktari mwenyewe.

Tuko bado kwenye mifupa bandia. Programu inaonyesha bomba liko ndani ya mm 0.6 ya mstari. Waya ni wa mm 1.1. Tukirudia picha, pa kuingilia tumekosea kama mm 1, na kwenye ncha ya pili tumekosea mm 2 na ushei, karibu kila mara kuelekea kiganjani. Skafoidi yenyewe ina urefu wa mm 27, kwa hiyo kosa la mm 2 linaitupa skrubu pembeni kabisa.

Je, ni ulinganishi wa picha na mkono? Ni kifuatiliaji, ile alama ambayo kamera inaitazama (tumekifunga kwenye gango)? Au tubadilishe upande wa kuingilia?

---

kekee_polepole

Mkuu, takwimu zako zimeshakujibu nusu ya swali. Kosa la ulinganishi lisilo na mzunguko, au mkono kusogea bila kuzunguka, huhamisha mstari wote kwa pamoja: ukikosea mm 1 mwanzoni, utakosea mm 1 mwishoni. Lako linakua. Kutoka mm 1 hadi mm 2.2 ndani ya urefu wa mm 27 ni pembe ya kama digrii 2.5. Hapo kuna kuteleza, na baada ya kuteleza kuna kupinda.

Kumbuka ile 0.6 ni ya nini. Ni ya bomba, si ya ncha ya waya. Kamera inaliona bomba (au mkono wa roboti unaolishika), haiuoni waya. Waya ukishatoka mdomoni mwa bomba hakuna anayeufuatilia mpaka upige picha nyingine. Watu wengi huitazama namba ile ya kijani kana kwamba ni matokeo ya kazi, kumbe ni ahadi tu.

Fanya jaribio hili kabla ya kubadilisha chochote. Roboti ikishafika mahali pake, ingiza kwenye bomba fimbo nene ya chuma, ya mm 3 kama bomba lako la nje linaruhusu, na isiguse mfupa. Piga picha za pande tatu, kisha kwenye programu refusha mstari wa fimbo hadi ndani ya mfupa. Ukilingana na mpango, roboti na ulinganishi viko salama na mwenye kosa ni waya. Usipolingana, acha waya, rudi kwenye kifuatiliaji na gango.

Nabashiri ni waya, kwa sababu mbili.

Kwanza, ule upande wa kosa. Kinundu cha skafoidi upande wa kiganja kina mteremko, na mfupa wa trapeziamu umekifunika kwa juu. Waya unakutana na mfupa kwa mshazari, ncha inatafuta njia rahisi, inateremka kuelekea kiganjani. Nyuma umeshikwa na bomba, mbele umeshateleza, kwa hiyo unapinda, na unaendelea kuchimba kwa pembe hiyo hiyo iliyopinda. Ndiyo maana ncha ya mbali inakosa zaidi.

Pili, pima umbali kati ya mdomo wa bomba na mfupa. Kupinda kwa waya hukua kwa mchemraba wa urefu ulio wazi: ukiongeza nafasi kutoka mm 10 hadi mm 20, kwa nguvu ile ile ya pembeni waya unapinda mara nane. Unene nao una kauli kubwa: waya wa mm 1.6 ni mgumu kupinda zaidi ya mara nne kuliko wa mm 1.1. Lakini kwa unene huna uhuru, tundu la katikati ya skrubu ndilo linaloamua. Kwa hiyo punguza nafasi. Kata ngozi mm 4 hadi 5, panua nyama kwa koleo butu mpaka kwenye mfupa, kisha sukuma bomba la ndani lenye meno hadi lishike. Shika kidogo tu. Ukilikandamiza bomba juu ya mfupa unausogeza mfupa, na umejitengenezea kosa jipya.

Halafu namna ya kuanza kutoboa. Waya uanze kuzunguka kabla haujagusa mfupa, mwendo kasi, mkono mwepesi, gusa na kuachia mara tatu nne mpaka ncha ijichimbie kikombe chake. Ndipo usukume. Na waya uwe mpya. Ncha iliyokwisha kutumika hata mara moja kwenye mfupa mgumu inateleza kuliko unavyofikiri.

---

fundi_picha

Naongezea upande wa picha na gango, maana hata kama safari hii kosa ni waya, kwa mgonjwa hai hili ndilo litakalowasumbua.

Kwenye uti wa mgongo au fupanyonga, kifuatiliaji kinapigiliwa kwenye mfupa ule ule unaofanyiwa kazi. Skafoidi haina nafasi hiyo. Ukipigilia pini ya kifuatiliaji humo umeshakula njia ya skrubu, na pengine umeupasua mfupa. Kwa hiyo kamera inafuatilia kitu kingine, gango au radiasi (mfupa wa mkono wa mbele upande wa kidole gumba), na sisi tunaahidi kwamba skafoidi haitasogea ukilinganisha na kitu hicho. Skafoidi ni mfupa unaoinama na kuinuka kila kifundo kinapopinda. Pini kwenye radiasi haiondoi tatizo, kwa sababu kiungo kati ya radiasi na skafoidi bado kiko huru. Vyovyote vile kifundo kizima lazima kifungwe, na mkishakifunga vizuri, kifuatiliaji kwenye gango kinatosha, tena hakiachi tundu la ziada kwenye mfupa.

Gango liwe la plastiki au kaboni, lisiwe na skrubu za chuma eneo la picha. Lishike mkono wa mbele, kiganja, na kidole gumba chenyewe. Kidole gumba kikiachwa, mtu akikigusa kwa bahati mbaya trapeziamu inasogea na skafoidi inaifuata. Kwa upande wa kiganja, kifundo kinalazwa juu ya kitambaa kilichoviringishwa ili kirudi nyuma, kisha kiinamishwe kidogo upande wa kidole cha mwisho. Hapo trapeziamu inapisha njia.

Mpangilio wa hatua una maana kubwa kuliko ubora wa mashine:

Mkanda wa kubana damu, kama mtautumia, ujazwe upepo kabla ya picha, si baada. Mkono ukibanwa misuli inabadilika umbo na kifundo kinahama kidogo ndani ya gango. Vitambaa tasa vitandikwe kabla ya picha. Kurudisha mvunjiko mahali pake, na waya wa kuzuia mzunguko kama mnauhitaji, navyo kabla ya picha. Nimeona mipango mingi iliyoandikwa na watu makini ikiweka waya huo baada ya kupanga njia. Hapo mnapanga kwenye mfupa mmoja na kutoboa mwingine.

Bamba la ulinganishi lenye vitone vya chuma linapaswa kuwa ndani ya picha pamoja na kifundo. Mashine nyingi za C-arm za pande tatu zinatoa mchemraba wa kama sm 12 kila upande. Inaonekana ni nafasi kubwa mpaka uweke kifundo, gango na bamba. Kitone kikikatwa na ukingo wa picha, programu nyingine hukataa, nyingine hukubali kimya kimya na ulinganishi unakuwa mbovu. Mchemraba huo ukigawanywa vokseli (vijichemraba vya picha) 256 kila upande, kila vokseli ni mm 0.47. Kwa hiyo msibishane juu ya sehemu ya kumi ya milimita kwenye skrini, picha yenyewe haina uwezo huo.

Uhakiki: bandikeni kitone kimoja cha ziada kwenye gango, ambacho hakikutumika kwenye ulinganishi. Baada ya picha, iambieni roboti ielekeze bomba kwenye kitone hicho. Ikikosea zaidi ya mm 1, rudieni picha. Ila kitone kinathibitisha gango tu, hakithibitishi mfupa. Kwa mfupa, ncha ya waya ikishagusa na kabla ya kutoboa, pigeni picha mbili za kawaida za C-arm, ya mbele na ya ubavu, mzilinganishe na mpango. Sekunde chache.

Kamera iwashwe mapema ipate joto lake, na mipira inayoakisi ifutwe. Tone moja la damu kwenye mpira mmoja linahamisha kitovu chake, na kamera haitalalamika.

---

gegedu

Nikiwa mchokozi kidogo: mvunjiko huu unahitaji skrubu kweli?

Utafiti wa SWIFFT uliotoka mwaka 2020, watu wazima 439 kwenye hospitali 31 za Uingereza na Wales, ulilinganisha plasta na upasuaji kwa mivunjiko ya kiunoni iliyosogea hadi mm 2. Baada ya wiki 52 hapakuwa na tofauti ya maana kwenye maumivu na utendaji wa kifundo kama wagonjwa walivyoeleza wenyewe. Pendekezo lao: anza na plasta, hakikisha kwa picha, na usiounga ufungwe mara moja bila kusubiri. Mvunjiko wa mpini_mwembamba, chini ya mm 1, uko ndani kabisa ya kundi hilo. Roboti inaweza kuiweka skrubu katikati kwa ustadi wa ajabu kwenye mfupa ambao haukuihitaji.

Na ushahidi wa roboti kwenye skafoidi bado ni mwembamba. Ripoti ya Beijing ya mwaka 2019 inayotajwa kila mahali ilikuwa ya wagonjwa 10. Inaonyesha kwamba jambo linawezekana. Haionyeshi kwamba linamshinda daktari mzoefu mwenye C-arm ya kawaida.

---

kekee_polepole

gegedu, kwa kiuno kilichotulia nakubaliana nawe karibu kote. Mahali ambapo mstari sahihi una thamani ni kwenye ncha ya karibu, ile inayotazama radiasi. Damu ya skafoidi inaingia kwa sehemu kubwa kupitia mgongo wa mfupa na kurudi nyuma kuelekea ncha hiyo. Matawi hayo yanalisha kama asilimia 70 hadi 80 ya mfupa. Ukivunjika karibu na ncha, kipande kidogo kinabaki na damu haba, na plasta peke yake haina rekodi nzuri hapo. Kipande chenyewe ni kidogo kiasi kwamba waya ukikosea mara mbili hakuna mfupa uliobaki wa kushika skrubu. Kuchoma mara moja tu ndiyo faida ninayoiona, zaidi ya hizo picha nzuri za katikati.

Lakini ncha ya karibu inaingiliwa upande wa mgongo wa mkono, na kila tulichosema juu ya gango kinageuka: kifundo kinakunjwa mbele kupita digrii 45 ili ncha ijitokeze. Mvunjiko wa ncha ya karibu unavumilia mkunjo huo. Wa kiunoni usiotulia hauvumilii, unafunguka kwa nyuma na mfupa unapata kibyongo. Kwa hiyo, mpini_mwembamba, usihamie upande wa mgongo kwa sababu tu waya unateleza kwenye kinundu.

Mkihamia kwa sababu nyingine halali: msichome moja kwa moja kupitia ngozi. Kano ya kunyoosha kidole gumba na zile za kidole cha shahada zinapita hapo hapo, na roboti haizijui, kwenye picha hazionekani. Kata kidogo, tazama kano kwa macho, zisogeze, ndipo bomba lishuke.

---

mpini_mwembamba

Jaribio la fimbo limefanyika mara tano. Mstari wake uko ndani ya mm 0.7 ya mpango mara zote, mwanzo na mwisho. Ni waya. Nafasi kati ya bomba na mfupa ilikuwa mm 22, tulikuwa tunaiacha ili bomba lisiguse.

Swali la mwisho, urefu wa skrubu. Programu inatoa mm 26 kwa mstari wetu, kipimo cha waya kinatoa mm 28. Kipi kifuatwe?

---

gegedu

Mm 22, basi hapo hakuna la kushangaza.

Vipimo vyote viwili ni vya kweli, vinapima vitu viwili. Picha za C-arm hazioni gegedu, kwa hiyo programu inapima kutoka mfupa hadi mfupa. Kipimo cha waya kinakaa juu ya gegedu au juu ya nyama iliyobaki, na pengine ncha ya waya imepenya kidogo upande wa pili. Kanuni ya kutoa mm 4, yaani mm 2 za kuzama kila ncha, ianzie kwenye mfupa. 26 toa 4 ni 22. Ukiingia na ya 24 kwa kufuata waya, nafasi ya usalama imebaki mm 1 kila upande, na skrubu ikihama kidogo unaanza kusaga gegedu ya radiasi au ya trapeziamu. Ukisitasita kati ya saizi mbili, chukua fupi.

Usihakikishe kwa mstari mwembamba wa katikati. Programu nyingi zinaruhusu kuchora skrubu kwa unene wake halisi. Ichore, kisha zungusha picha kufuata mhimili wa skafoidi, si wa mkono. Kwenye mhimili wa mkono skrubu iliyotoboa nje inaweza kuonekana iko ndani.

Mengine ya kuangalia, haraka:

Waya ukifika mwisho, usogeze mbele kidogo uingie mfupa unaofuata kabla ya kupitisha biti yenye tundu. Usipofanya hivyo, biti ikitolewa inatoka na waya, na njia nzuri ya roboti imepotea. Mkisogeza hivyo, kifundo kisikunjwe wala kunyooshwa hata kidogo mpaka waya urudishwe: waya unaovuka kiungo unapinda, biti inaupitia kwa nguvu na kuukata ndani.

Biti iende polepole, maji ya chumvi yakimwagika, na iishie mm 2 kabla ya ukingo wa mbali. Msiache fupi zaidi ya hapo. Skrubu isiyo na kichwa inabana kwa sababu nyuzi za mbele zina nafasi pana kuliko za nyuma. Ikifika mwisho wa tundu kabla ya wakati, inasukuma kipande cha mbali badala ya kukivuta, na pengo linafunguka mbele ya macho yenu. Kwa sababu hiyo hiyo nyuzi za mbele zote zivuke mvunjiko. Zikibaki kwenye mstari wa mvunjiko hakuna kinachobana.

---

fundi_picha

Na picha ya mwisho ya pande tatu ipigwe mgonjwa angali mezani, waya ukiwa umetolewa. Chuma cha skrubu kinatia ukungu pembeni yake, kwa hiyo ncha inaonekana ndefu kuliko ilivyo. Mkiwa na shaka, ongezeni picha ya kawaida ya mshazari wa digrii 45 huku kifundo kikizungushwa polepole chini ya C-arm. Skrubu iliyochomoza itajionyesha kwenye mojawapo ya pembe.

Kuhusu mm 22 zako: ukilishusha bomba hadi mfupani, angalia namba ya programu upya baada ya kugusa. Ikiruka kutoka 0.6 hadi 1 na zaidi, umekandamiza. Legeza mpaka irudi ndipo uwashe drili.